Maneno Manne ya Kinandi

Kila asubuhi Emmaculate Aketch huchemsha chai, humvalisha mwanawe Tyson sweta mbili, kisha hutembea hadi zahanati. Yeye ni muuguzi. Alizaliwa Bondo, karibu na ziwa, na lugha aliyolelewa nayo ni Kijaluo. Huu ni mwaka wa pili tangu yeye na mumewe, Byron Opiyo, wapange nyumba Kesses, nje ya mji wa Eldoret. Baridi ya huko waliizoea upesi. Lugha ya wenyeji hawakuigusa mwanzoni.

"Tuko Kenya," Byron alikuwa akisema. "Kiswahili kinatutosha. Ama unataka kuwania ubunge hapa?"

Emmaculate alikuwa akicheka. Lakini kwenye benchi la zahanati huketi akina mama wakongwe, na wengi wao hujua Kinandi peke yake.

Mmoja wao alikuwa Kogo Taprandich. Kogo maana yake ni bibi. Ndivyo Wanandi wamwitavyo mwanamke mzee. Alikuja na mwanawe Kimaiyo, mkulima mwenye adabu, ili amtafsirie.

"Muulize mama anaumwa wapi," alisema Emmaculate.

Kimaiyo akauliza. Kogo akatazama sakafu, akajibu kwa ufupi.

"Anasema ni magoti, daktari."

Akapewa dawa ya magoti. Baada ya wiki mbili akarudi. Ni magoti tena. Akarudi mara ya tatu. Siku hiyo Emmaculate aliyapima magoti yale kwa makini. Hayakuwa na uvimbe, na mzee alitembea vizuri. Lakini mkono wake wa kulia haukuiachia shali aliyoishika kifuani.

Wagonjwa walipokwisha, Emmaculate alimwendea Cherono. Huyu ni mhudumu wa afya ya jamii, Mnandi wa hapo hapo Kesses.

"Cherono, kuna mgonjwa ananificha kitu."

"Anakuja na nani?"

"Na kijana wake. Mtu mzuri sana. Hakosi siku."

Cherono akakiweka kitabu chake mezani. "Mama Tyson, huyu Tyson akiwa mtu mzima, utamwambia mambo ya mwili wako?"

"Ya magoti nitamwambia."

"Basi hata huyo mama amemwambia ya magoti."

Emmaculate akaelewa. Hata kwao Bondo mama hasemi mambo hayo mbele ya mwanawe.

"Basi wewe ndiwe unitafsirie," akasema.

"Nitakuja, lakini sitaingia mpaka mwenyewe akubali. Siri ni yake. Kwanza akuone wewe. Nitakufundisha maneno manne. Hayatakutosha wewe kutibu. Yatamtosha yeye kuanza."

Maneno yenyewe yalikuwa haya. *Chamgei*, ya kusalimu. *Kogo*, ya heshima. *Ano*, yaani wapi. *Kongoi*, yaani asante.

Jioni Emmaculate aliyarudia huku akisonga ugali. Byron akacheka.

"Unasema kama mtu anayefukuza kuku."

Emmaculate hakucheka. "Baba Tyson, pengine kuna mtu anaumia kwa sababu mimi sijui kuuliza wapi."

Byron akavuta kiti karibu na jiko. "Haya, sema tena," akasema. "Polepole. Nakusikiliza."

Kogo aliporudi, Emmaculate alimwomba Kimaiyo angoje nje.

"Mtaelewana vipi, daktari?"

"Tutajaribu."

Akaufunga mlango. Akaketi karibu na mzee, magoti kwa magoti.

"Chamgei, Kogo."

Mzee akainua uso. Akaitikia.

"Ano?" Emmaculate aliuliza kwa sauti ya chini.

Kogo akautazama mlango. Akamtazama muuguzi kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wake, akaupitisha chini ya shali, akauweka kwenye titi lake la kushoto. Hapo palikuwa na uvimbe mgumu, mdogo kama njugu.

"Kongoi," alisema Emmaculate. Hakuwa na neno jingine. Akauonyesha mlango kwa kidole, akataja jina la Cherono, akangoja. Kogo akatikisa kichwa kukubali.

Cherono akaingia, akatafsiri neno kwa neno. Uvimbe ulikuwa na miezi mitano. Kogo aliungojea uanze kuuma ndipo aseme.

"Mwambie uvimbe wa titi mara nyingi hauumi," alisema Emmaculate. "Ndiyo maana watu hungoja, na kungoja ndiko kunakoua. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kila uvimbe lazima upimwe upesi."

"Anauliza, kijana wake ataambiwa?"

"Ataambiwa na mama yake, akitaka, na kwa maneno anayotaka."

Kogo mwenyewe ndiye aliyemwambia, wakiwa njiani kwenda hospitali ya Eldoret mjini. Huko walipima, wakakuta ni saratani, lakini haijaenea. Wakamfanyia upasuaji, wakamwanzishia dawa. Kimaiyo alipoileta barua ya daktari zahanati, aliiweka mezani.

"Mara tatu nilikuletea maneno," akasema, "na hayakuwa yenyewe."

"Ulileta uliyopewa," Emmaculate alimjibu. "Mimi ndiye sikuuliza vizuri."

Mwenyezi Mungu aliyezitenga ndimi za watu hakuzitenga nyoyo zao. Tangu siku ile Emmaculate hujifunza maneno mawili kila wiki. Byron huyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani jikoni. Zahanati nayo ina utaratibu mpya: kila mgonjwa huulizwa kwanza, akiwa peke yake, anataka nani amtafsirie.

Mwezi uliopita Kogo Taprandich alirudi, amekonda lakini anatembea kwa nguvu. Hakuja na Kimaiyo. Alimshika mkono mzee mwenzake aliyejifunika shali mpaka kidevuni. Akamwongoza hadi kitini, akamketisha mbele ya Emmaculate.

Kisha akatoka nje, akaufunga mlango mwenyewe.