Kitanda Kisicho na Msumari

Sogeeni, sogeeni kabisa, niwape ya Nyamizi na kitanda.

Nyamizi anaishi Tabora. Shangazi yake, Kalunde, ni fundi seremala. Leo wanatengeneza kitanda kidogo, kidogo sana!

Ni cha Maganga, mdogo wake Nyamizi. Maganga kazaliwa juzi tu.

"Misumari iko wapi, Shangazi?"

"Hatutaki msumari hata mmoja. Mbao zitaumana zenyewe."

Ubao mmoja una meno. Ni mapana nchani, membamba shinani, kama mkia wa njiwa.

Ubao wa pili unataka mapengo. Shangazi akalaza meno juu yake, akayazungushia penseli.

"Tunakata ndani ya mstari, mama. Mstari ubaki!"

Kwaru, kwaru, kwaru! Shangazi akakata. Mstari ukabaki.

"Na mimi! Na mimi!" Nyamizi akarukaruka.

Shangazi akampa msumeno mdogo. Akamwachia pengo la mwisho.

Kwaru, kwaru... Nyamizi akautazama mstari. Mbona mchafu hivi? Kitanda cha Maganga kiwe kisafi!

Akaukata mstari. Kwaru! Ukaondoka wote.

Shangazi akayachimba mapengo kwa patasi. Ko, ko, ko! Kisha wakaziunganisha mbao.

Meno mengine yote yakakaza. La mwisho likacheza, pengo lake pana mno. Tiki-tiki, tiki-tiki.

"Nilikwambia nini, mama?"

"Mstari ubaki," akasema Nyamizi kwa sauti ndogo. Machozi hayo! "Nimekiharibu! Maganga ataanguka!"

Shangazi akamkumbatia. Anampenda mno mtoto huyu, hata akiharibu. "Haanguki mtu hapa. Futa machozi, fundi wangu, bado tuna kazi."

Akachonga kijiti chembamba. Nyamizi akakipaka gundi. Akakichomeka pembeni ya jino, akagonga. Ko, ko, ko!

Wakangoja gundi ikauke. Loo, gundi inachelewa!

"Haya, tingisha!"

Nyamizi akatingisha. Kimya.

Akatingisha kwa mikono miwili, meno yake kayauma. Kimya!

Jioni, mama yao akamlaza Maganga kitandani. Nyamizi roho juu. Akaingiza mkono, akaushika ubao, asije mdogo wake akaanguka.

Maganga akakidaka kidole cha Nyamizi. Akakikaza.

Nyamizi akakivuta taratibu. Wapi! Akakivuta tena. Wapi!

"Kumbe una nguvu hivi!" Nyamizi akacheka, roho ikatulia.

Akajilaza hapo hapo mkekani, kando ya kitanda. Wakalala wote wawili, na kidole bado kimeshikwa.