Kipande cha Kwandu

Nilikwenda Marui kupeleka fomu. Basi. Fomu ya kuuliza maendeleo ya mgonjwa, kisha nirudi Kisarawe mjini jioni hiyohiyo, na kesho yake Kibaha, maabara.

Bodaboda alinishusha kwenye zizi la Mzee Nyanda saa kumi na mbili kasoro. Ng'ombe walikuwa wanaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Daktari wetu!"

Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa uzamili. Sikumsahihisha.

Binti yake, Kwandu, miaka kumi na saba, alikuwa anapukuchua mahindi. Alikuwa na kifafa tangu utoto, na majirani wakasema ana mapepo. Mniulize mimi nilivyowaka! Niliwajia juu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nikawanyamazisha mmoja mmoja kama ninavyofanya kwenye midahalo chuoni. Haki ya mgonjwa! Utu wa mgonjwa! Wiki nne kabla ya siku hiyo madaktari walimfungua kichwa, wakatoa kipande kidogo cha ubongo, na kifafa kikakoma.

Hapo nilikuwa sahihi. Niachieni hapo kidogo.

Kwa sababu siku ya kusaini, mzee aliuliza jambo moja tu.

"Hicho kitakachokatwa, mtanipa nikakizike? Kwetu kitu cha mtu hakiachwi ovyo."

Fomu ya ridhaa ilikuwa na ukurasa wa pili, unaosema kipande kitatumika kwa utafiti, na kwamba ana haki ya kukataa. Sikumsomea.

"Kitachomwa, baba. Ndiyo taratibu."

Akaweka dole gumba.

Hakikuchomwa. Kilikuwa Kibaha, ndani ya maji ya chumvi na sukari, kikilishwa hewa, kiko hai. Tulikitia rangi inayoingia ndani ya seli. Tukikimulika kwa taa ya buluu chini ya hadubini, kila seli inayoshtuka inang'aa kijani. Bila taa ile, rangi haing'ai. Shikeni hilo.

"Umeanguka mara ngapi tangu utoke hospitali?" nilimuuliza Kwandu.

"Hata mara moja, dada Eli. Labda nianguke kwa shibe!" Akacheka.

Kisha akaacha kucheka. Punje zikamtoka mkononi.

"Wamewasha," akanong'ona.

"Wamewasha nini?"

"Ile taa... ya buluu. Kila siku wananimulika. Nitapumzika lini mimi?"

Harufu ikanijia. Dawa ya maabara yetu, katikati ya samadi.

Nikatoa simu, nikamwandikia Hashiru, mwenzangu wa maabara: Unafanya nini?

Akajibu: Nimeanza kurekodi sasa hivi.

Mtu mwenye utu angemwambia zima, akaishia hapo. Niliandika: Zima. Kwandu akashusha pumzi. Nikaandika: Washa. Akakaza shingo. Lakini mara moja si ushahidi, ndivyo tulivyofundishwa. Mara mbili yaweza kuwa bahati. Jaribio hurudiwa mara tatu.

Zima. Washa.

Zima...

Washa.

Kwandu akaanguka.

Mzee alikuja mbio, akamlaza ubavu. Meno ya binti yalikuwa yanagongana. Tk... tk... tk...

"Mwanangu," mzee aliniambia bila kuniangalia, "unaandikiana na nani?"

"Ofisini, baba."

"Kile kipande... kilichomwa kweli?"



Simu ikatetemeka. Hashiru: Eli, nimezima taa. Bado zinang'aa.

Ikatetemeka tena: Nimechomoa kila kitu kwenye umeme. Zinang'aa gizani. Naogopa. Namwaga.

Kwandu akafumbua macho. Akanishika mkono, vidole baridi kama maji ya mtungini.

"Asimwage," akanong'ona. "Dada... nitakuwa wapi?"

Nikaanza kuandika usimwage. Vidole vikakosea herufi. Nikafuta. Nikaanza upya.

Hashiru: Nimemwaga.

Mkono wake ukalegea.

Meno yakaacha kugongana hapohapo. Akaketi, akajifuta mate, akatutazama kwa adabu, kama mgeni aliyefika nyumba ya watu.

"Kwandu," baba yake akaita. "Kwandu, mama."

Akageuka nyuma, aone ni nani anayeitwa.

Hajaanguka tena tangu siku ile. Anakula, anateka maji, anasalimia wakubwa. Profesa wangu anasema kumbukumbu hupotea baada ya kifafa kikali, itarudi. Miezi mitano sasa. Hashiru ameacha masomo, na nikimpigia hapokei.

Mzee Nyanda hunipigia kila Jumapili. Hanilaumu. Bora angenitukana. Anauliza tu kama kule kwetu hakuna kitu chao kilichosahaulika, aje akichukue, hata kama ni kidogo.

"Hapana, baba," namjibu. "Hakuna."