Ndoo Chini ya Boila ya Mzee Pyo

Nawaambia ninyi mnaokaa kwenye nyumba zenye boila, ule mtambo wa gesi unaopasha maji na sakafu, na ninyi mnaosifia ubahili mkauita akili: haya yanawahusu, na sitayapaka asali. Mimi nakaa ghorofa ya pili, chini tu ya nyumba ya Mzee Pyo. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Mengine mkewe, Bi Sun-rye, aliniambia mwenyewe, akilia.

Ilikuwa Januari, mjini Wonju, Korea. Eun-sol, binti pekee wa Mzee Pyo Gil-hwan, alikuwa na siku nane tangu ajifungue, naye alikuja kukaa uzazi kwa mama yake, kama tufanyavyo sote. Alilala kwenye godoro jembamba sakafuni, mtoto ubavuni mwake, na joto la sakafu likiwapanda taratibu mgongoni. Jikoni Bi Sun-rye aliosha mchele huku supu ya mwani ikichemka. Kwetu mzazi halazwi penye ubaridi. Wazee husema baridi ikimwingia mifupani siku hizo, atazikwa nayo.

Utulivu huo ulikatwa na sauti ya Mzee Pyo.

"Nani kageuza bomba upande wa moto?"

"Mimi, Baba Eun-sol. Naosha mchele."

"Mchele utashikwa na mafua? Ukigeuza upande huo boila inawaka, gesi inaungua, na mchele wako ushamaliza kuoshwa kabla maji ya moto hayajafika!"

Hapo, jamani, alikuwa na haki. Sitamwonea. Bomba likielekezwa upande wa moto boila huwaka hata kama unasuuza kijiko tu. Mzee Pyo aliyajua haya kuliko sisi wote. Kichujio cha boila alikisafisha kila msimu, na akitoka hakuizima bali aliipunguza. Laiti angeishia hapo!

Hakuishia hapo kwa sababu yetu. Kila mlango wa jengo letu una karatasi ambamo mwenye nyumba huandika namba ya mita ya gesi. Tukipanda ngazi tunasoma. Namba ya Mzee Pyo ilikuwa ikipanda polepole kuliko zote, nasi tukawa tunamwita Profesa. "Profesa, tufundishe!" Mimi nilipaza sauti kuliko wenzangu. Mtu mzima akisifiwa ngazini kila siku huanza kuishi kwa ajili ya ngazi, akasahau waliomo ndani.

Basi akaziba madirisha yote kwa plastiki ya vipovu. Hilo hata mimi hulifanya. Lakini yeye aliziba na tundu la hewa la chumba cha ndani, akabandika utepe mara tatu. Kisha ikaja ndoo. Boila za siku hizi hudondosha maji, tone kwa tone, kupitia mpira mwembamba unaoelekea kwenye bomba la maji machafu. Mzee Pyo aliuchomoa mpira ule, akatumbukiza ncha yake kwenye ndoo pale kwenye kibaraza cha nyuma, ili maji yake yamwagwe chooni badala ya maji ya bomba.

Novemba, fundi Do Chang-seop alipokuja kukagua boila, aliiona ndoo akacheka.

"Mzee, unafuga samaki?"

"Naokoa maji. Wewe unacheka, sayari inakauka."

"Sayari iache. Kibaraza hiki hakina joto. Ndoo ikiganda, mpira utaziba, maji yatarudi ndani na boila itajizima. Rudisha mpira mahali pake."

"Mafundi mna maneno! Mnataka iharibike mrudi kuniuzia nyingine."

Fundi Do alifunga mkoba wake. "Mimi nimesema. Masikio ni yako."

Siku ya tisa ya mjukuu, baridi ilishuka hadi nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Bi Sun-rye alitoka asubuhi kwenda sokoni kumtafutia binti yake boga la kupunguza uvimbe. Hakujua kwamba nyuma ya mlango wa kibaraza ndoo ilikuwa jiwe, na kwamba boila ilikuwa imekwisha kujizima.

Sakafu ilipoanza kupoa, Eun-sol alimwita baba yake.

"Baba, sakafu imepoa. Mtoto mikono imekuwa baridi."

"Sakafu hutunza joto. Vumilia."

"Boila inaonyesha namba nyekundu. Nimpigie fundi Do?"

"Umpigie aje anicheke? Yule amekuwa akiisubiri siku hii tangu Novemba!"

Msikilizeni mtu huyo! Damu yake imelala sakafuni ikitetemeka, yeye anahesabu vicheko vya fundi. Alichukua jiko dogo la gesi la mezani, lile tunalochomea nyama, akalileta ndani ya chumba kilichozibwa kama mtungi, akaliwasha karibu na godoro, akafunga mlango joto lisitoke. Kisha akatwaa koleo, akashuka kusaidia kuondoa theluji mbele ya jengo.

Huko ndiko nilikokuwa. Niliinua macho nikaona kitu. Kila tundu la boila ukutani lilikuwa likitoa mvuke mweupe, isipokuwa la ghorofa ya tatu.

"Profesa, boila yako leo imefunga?"

"Leo natumia akili, kijana. Nyie chomeni gesi."

"Na Eun-sol je, si atapata baridi?"

"Yuko kwenye joto. Nimemwashia jiko la mezani."

"Umefungua dirisha?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nifungue dirisha, joto liende wapi?"

Nilitupa koleo. Mlangoni mwa jengo nilikutana na Bi Sun-rye amekumbatia boga lake. Sikumweleza, nilimshika mkono tukapanda mbio. Alibonyeza namba za kufuli akakosea, akabonyeza tena. Ndani, Eun-sol alikuwa ametambaa hadi nusu ya njia ya mlango wa chumba, ametapika, hawezi kusimama. Alikuwa akisema neno moja tu: "Mtoto. Mtoto." Mtoto alikuwa amelegea, kimya. Bi Sun-rye alimnyakua akatoka naye hadi ngazini kwenye hewa. Mimi nilizima jiko, nikachana plastiki kwa kucha, nikafungua dirisha, nikamburuta Eun-sol nje, nikapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Mzee Pyo alifika akihema. Mnajua alisema nini kwanza? "Mnafungua kila kitu!" Kisha akamwona mjukuu mikononi mwa mkewe, akasimama katikati ya ngazi.

Bi Sun-rye hakupiga kelele. Alisema tu, "Pita pembeni. Unaziba njia ya watu wa gari la wagonjwa."

Hewa ya sumu itokayo kwenye moto uliofungiwa ndani haina harufu wala rangi, ndiyo maana huua watu wenye akili zao. Hospitalini waliwaweka wote wawili kwenye hewa safi ya mashine. Jioni mtoto alilia, na wauguzi wakasema kilio kile ni kizuri. Wamepona, ingawa hadi leo daktari anaendelea kumpima mtoto kichwa, hajasema amemaliza.

Fundi Do alikuja siku ileile. Alimwaga birika moja la maji ya uvuguvugu juu ya mpira, barafu ikaachia, boila ikawaka. Dakika tano. Safari hii hakucheka.

Eun-sol hakurudi nyumba ile. Mumewe alimpeleka mji wa Chuncheon, na Bi Sun-rye akawafuata. Siku ya mia ya mtoto ilipofika, Bi Sun-rye alikuja na keki nyeupe za mchele, maana keki hiyo ikiliwa na watu mia mtoto huishi sana. Aligawa mlango kwa mlango. Mlango wa nyumba yake mwenyewe aliupita.

Mzee Pyo alifungua, akatoka na soksi hadi ngazini.

"Mama Eun-sol. Na mimi?"

"Niliagizwa watu mia," akajibu, bila kugeuka. "Mwenye mtoto alinitajia mmoja mmoja. Wewe hukutajwa."

Mzee alisimama pale, miguu juu ya saruji baridi, hadi hatua za mkewe zilipokwisha kusikika. Mimi nilikuwa na kipande changu mkononi. Nilitaka kumpa nusu. Sikumpa, kwa kuwa haikuwa yangu kusamehe.

FUNZO

Okoeni maji, okoeni gesi. Asiye na haya ndiye amwagaye vyote. Elekeza bomba upande wa baridi usipohitaji moto. Punguza boila ukitoka, usiizime wakati wa baridi kali. Safisha kichujio. Lakini mpira wa boila uache uende unakopaswa kwenda, tundu la hewa usilizibe, na jiko la mezani lisiingie chumba cha kulala, hata kwa dakika moja. Fundi akikuonya, meza kiburi chako, hakina mwiba.

Nasi majirani tuliosoma ile karatasi na kupiga makofi, tujiulize tulikuwa tukisifu nini. Siku nyingine ukiona namba ndogo mlangoni kwa mtu, usimwite Profesa. Gonga, uulize kama walio ndani wana joto.