Kisigino cha Zawadi

Soli ya kiatu cha msusi mmoja ilibanduka langoni mwa soko, saa ya watu kusukumana. Msusi akaegemea meza ya fundi viatu, akainua kidogo pindo la gauni lake la bluu.

"Kivute tu, kaka. Huo mguu hautekenyeki."

Fundi akaugusa. "Wa bandia huu. Mbona hujaupaka rangi ya kucha? Dada, unaubagua."

Tangu lori limkate mguu chini ya goti, watu walikuwa wakimpa pole tu. Huyu alimtania. Alicheka hadi wapita njia wakageuka.

Simu zikaanza.

"Umeshona viatu leo, au umeshinda unaniwaza?"

"Vyote viwili, mpenzi. Nimejichoma sindano."

Fundi alijua kinachomnyima msusi usingizi. Saluni aliyosukia zamani ilikuwa imempa Jumatatu moja ya majaribio: akiweza kusimama na kusuka, kazi yake anarudishiwa; akishindwa, atakaa mlangoni kupokea wateja. Ndiyo maana alijikokota muda wote ule kati ya vyuma vya mazoezi hospitalini, jasho likimtiririka.

Jumapili fundi akachukua viatu vya msusi kuving'arisha. Alipoona visigino vimelika, akavibandika raba mpya, nene, bila kusema. Alitaka kumfurahisha.

Jumatatu, msusi akisuka, goti likawa linamsukuma mbele, kama anateremka mlima. Akadhani ni woga. Kabla ya adhuhuri alianguka, chanuo mkononi, mbele ya wateja.

"Pole, mwanangu," alisema mwenye saluni. "Kesho utakaa mlangoni."

Hospitalini, mtengeneza miguu ya bandia alianza kwa kukitazama kiatu. "Nani kapandisha kisigino? Mguu huu niliupanga kwa kiatu kilivyokuwa. Ukikiinua, lazima ukutupe mbele."

Msusi akampigia fundi palepale. "Kisigino chako kimeniangusha mbele ya wateja! Kumbe uliniona mfupi! Ulitaka nifanane na nani?"

"Mpenzi, nilidhani..."

Akakata simu. Zilizofuata hakupokea.

Asubuhi alikuwa amekaa mlangoni, macho yamevimba, fundi alipoingia na kisu chake cha kazi.

"Mama," alimwambia mwenye saluni, wateja wote wakisikia, "aliyemwangusha ni mimi. Mguu wake hauna kosa. Nilibadilisha kiatu na sikumuuliza."

Akapiga magoti, akazibandua raba zote mbili, akalainisha visigino mpaka vikarudi vilivyokuwa. Msusi akavaa. Goti likatulia.

"Mama, nipe kichwa kimoja tu."

Mwenye saluni akafungua kilemba chake. "Chukua kichwa hiki. Mistari midogomidogo, na usinionee huruma."

Alisuka asubuhi, akasuka mchana, amesimama. Jua lilipolegea, mwenye saluni akajigeuza mbele ya kioo, akapapasa mistari yake.

"Kesho uwahi," alisema. "Wateja wako watasubiri."

Fundi, aliyeshinda kwenye benchi bila kula, akapiga magoti tena. "Kipenzi, nisamehe. Halafu nina swali..."

"Inuka," msusi alisema, machozi na kicheko pamoja. "Mimi nimesimama tangu asubuhi. Na wewe simama, uniulize vizuri."

Akasimama, akauliza. Vigelegele vililifunika jibu, lakini fundi alilisikia.