Sikio la Mgebuka

Mgebuka alitoka tumboni mwa nyambizi bila kishindo, akaingia kwenye giza la Ziwa Tanganyika huku akiburuta waya wa kumwongozea, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alikuwa torpedo, kombora la majini la kuzamishia meli, mzito na mrefu kama basi dogo, na mafundi wa Kigoma walimpa jina la samaki yule wa ziwani mwenye mbio. Kwa kuwa lilikuwa jaribio tu, kichwani hakuwekewa baruti. Aliwekewa taa na kipande cha chuma cha kufidia uzito.

Katika chumba cha uongozaji ufukweni, Mhandisi Zamda Mlangwa alimfuatilia kwenye kioo. Yeye ndiye aliyeunda sikio unde la Mgebuka. Torpedo za zamani zilipiga kelele majini na kusubiri mwangwi, kwa hiyo meli iliyowindwa ilishtuka mapema. Mgebuka alinyamaza na kusikiliza. Akili unde yake ilitambua meli kwa mlio wa pangaboi na injini, kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe katikati ya umati.

Sikio hilo lilihitaji kufundishwa kwa sauti nyingi, na Zamda alikuwa nazo. Mumewe, Hamimu, alikuwa fundi mkuu wa injini kwenye MV Ubwari, meli ya mizigo iliyopeleka saruji na unga Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Kila alipomkumbuka, Zamda alifungua vinasa sauti vilivyotegwa ziwani akaisikiliza meli ya mumewe ikipita, ikiwa imejaa, ikiwa tupu, au ikipigwa na mvua. Alizihifadhi sauti zote. Zilipotakiwa sauti za mafunzo, alizitoa, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

"Waya umekatika!" mtambo ukatangaza.

"Mwache," alisema Kanali Shomvi, mkuu wa mradi. "Ndicho tunachotaka kuona. Aende kwa akili yake."

Mgebuka akaikaribia meli-shabaha, tishari kuukuu lisilo na mtu, lililowekewa kipaza sauti cha mlio wa injini. Akalipita. Akageuka kaskazini.

"Anakwenda wapi huyu?"

Zamda alivaa visikizi. Mbali, nyuma ya mivumo yote ya ziwa, alisikia mdundo alioujua.

"Anaifuata Ubwari, Kanali, sauti niliyomfundishia. Mume wangu yumo."

"Hana baruti, Mhandisi. Tulia."

Hakutulia. Aliiangalia ile alama ndogo kwenye kioo ikipita chini ya mkuku, uti wa mgongo wa meli, chini hasa ya chumba cha injini. Ni mahali pale ambapo torpedo wa kweli angelipuka na kuivunja meli mgongo. Kisha Mgebuka akaibuka juu ya maji, taa yake ikimetameta. Chumba kizima kikapiga makofi.

Hamimu aliporudi nyumbani, alikuwa na hadithi. "Mama Nadhifa, ungeona! Lidude la rangi ya chungwa limeibuka pembeni yetu. Mpishi wetu kalipiga picha, anasema ni mamba wa Wazungu."

Zamda hakucheka. Alimweleza yote, chakula kikipoa.

"Kwa hiyo muda wote huo ulikuwa unanisikiliza?" Hamimu aliuliza, uso umemng'aa.

"Kila ulipopita."

"Na mimi nikidhani niko peke yangu kule chini." Akatabasamu, kisha tabasamu likafifia. "Angekuwa na baruti?"

"Angelipuka chini ya miguu yako, Baba Nadhifa."

Hamimu alinawa mikono ingawa hakuwa ameshiba. "Basi nitashuka melini. Karakana ya reli wanatafuta fundi."

Zamda alijua maana ya maneno hayo. Mtu huyu hakuwahi kupata usingizi mzuri nchi kavu.

"Na huyo mpishi wenu, aliyeoa juzi? Naye ashuke? Nikimfundisha Mgebuka asiwasikie ninyi, atawasikia wengine. Hapana. Wewe rudi kazini. Hili ni langu."

Asubuhi alikwenda kwa Kanali, akamkabidhi visikizi. "Naomba usikilize, Afande."

Kanali alisikiliza. Palikuwa na mvumo wa injini, na ndani yake, nyundo iligonga chuma, ikatulia, ikagonga tena.

"Nini hicho?"

"Hamimu anagongagonga vali. Mgebuka humsikia hivyohivyo, ila hajui kwamba ni mtu. Nataka waya ukikatika, Mgebuka azime. Asichague mwenyewe."

"Adui atakata waya makusudi. Tutakuwa tumetupa silaha."

"Ndiyo, Afande. Tutakuwa tumeitupa."

Kanali hakuvivua visikizi mpaka mlio ule ulipopotelea mbali. "Sawa," alisema hatimaye. "Azime. Lakini mimi nastaafu mwakani. Atakayekuja anaweza kulifuta hilo kwa mstari mmoja wa amri."

"Basi atanikuta hapa."

Zamda alikuwa amepanga kuacha kazi na kwenda kufundisha chuoni. Alipokuwa akishuka ngazi alijua kwamba mpango huo umekwisha. Angezeeka akimlinda mnyama aliyemlea mwenyewe, asije akaachiwa.

Hamimu alikuwa bandarini, begi begani, mabaharia wenzake wakimwita. Zamda alipenya katikati ya makuli na magunia ya unga, akamkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mabaharia walipiga miluzi. Hakumwachia.