Vikonyo Vinne

Kila Jumamosi, kabla umande haujakauka, Chelangat huwa shambani na kikapu mgongoni. Mama yake, Rodah, huchuna mstari wa kati. Chelangat huchuna wa kulia, na wa kushoto huwa wa Kipkirui, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye nyumba yao imetenganishwa na ya kina Chelangat kwa ua wa miti tu. Wote wawili wana miaka kumi na miwili na wako Gredi ya Sita. Kipkirui ana maneno mengi na mikono ya haraka, na Jumamosi hiyo kikapu chake kilikuwa kimefika nusu wakati cha Chelangat kilikuwa bado kinaonyesha kitako.

"Kipkirui, unavuta tena," mama alisema bila hata kugeuka.

"Sijavuta, Mama."

"Nasikia. Anayevunja anasikika: tak, tak. Wewe sikusikii kabisa."

Mama aliingiza mkono katika kikapu cha Kipkirui, akatoa chipukizi moja na kuliinua. Lilikuwa zuri, majani mawili na ncha yake katikati, kama inavyotakiwa. Lakini kikonyo chake hakikukatika vizuri. Uzi mwembamba wa ganda la kijani ulining'inia chini yake, umechubuka kutoka kwenye mti.

"Unaona huu mkia? Huu ni mkono wako. Hata ukichanganya na majani ya Kericho nzima, nitayachagua yako."

Chelangat alicheka hadi kikapu kikamteleza begani. Kipkirui naye akacheka, akavunja machipukizi kama kumi hivi kwa adabu, tak, tak, kisha akarudia mtindo wake wa kuvuta. Alikuwa na haraka ya kwenda kupiga mpira.

Wiki iliyofuata shuleni kulikuwa na jambo. Mwalimu Momanyi, aliyewafundisha Somo la Jamii, alikuwa amefikia sura ya uchaguzi. Vitabu vya somo hilo vilikuwa vipya na vya kutosha kila mwanafunzi, lakini kila jioni vilikusanywa na kufungiwa kabatini ili visipotee. Kwa hivyo kazi ya nyumbani ilifanywa kwa kukumbuka, na asiyekumbuka alinakili asubuhi kwa mwenzake.

Chelangat ndiye aliyesoma kwa sauti. "Kila mpiga kura ana kura moja. Kura ni ya siri. Msimamizi wa uchaguzi hana upande wakati wa kuhesabu kura." Baadaye mwalimu alitoa zoezi la kujaza mapengo. Chelangat alijaza yote, akapata kumi kwa kumi kwa kalamu nyekundu, akafikiri amemalizana na uchaguzi.

"Sasa tufunge kitabu, tuufanye wenyewe," alisema Mwalimu Momanyi. "Tunahitaji mwakilishi wa darasa katika Baraza la Wanafunzi. Nani anataka?"

Waliosimama ni wawili. Kipkirui aliahidi kwamba angemwomba mwalimu mkuu mpira mpya wa ngozi, na wavulana wakapiga madawati. Gesare, msichana mpole ambaye wazazi wake walitoka Kisii na walichuna chai katika shamba la kampuni, alisimama mikono nyuma. "Mimi nitaomba vitabu viende nyumbani," alisema. "Hata kwa zamu. Mtu hawezi kusoma kitabu kilicho kabatini." Hakuna aliyepiga dawati, lakini darasa lilitulia, na wengine wakatazamana.

Chelangat akateuliwa kuwa msimamizi wa uchaguzi. Alijisikia mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Karatasi za kura hazikuwepo. Mwalimu Momanyi alikuna kichwa, akatazama nje kwenye shamba dogo la chai la shule, akatabasamu. Ijumaa asubuhi yeye na Chelangat walitoka na beseni, wakachuna machipukizi na kuyavunja moja moja. Hayo ndiyo yangekuwa kura. Katika pembe ya darasa ilitundikwa leso, na nyuma yake vikawekwa vikapu viwili vilivyofunikwa kwa gunia lenye tundu. Kimoja kilichorwa ng'ombe, alama ya Kipkirui, na kingine taa, alama ya Gesare.

Kila mwanafunzi alipewa chipukizi moja mlangoni na Chelangat mwenyewe. Mwanafunzi aliingia nyuma ya leso na kutoka mikono mitupu. Wa mwisho kupiga alikuwa Chelangat. Alisimama kidogo mbele ya vikapu, kisha akatumbukiza chipukizi lake katika kikapu cha ng'ombe. Kipkirui alikuwa ndugu yake, hata kama ni wa kelele.

Kisha akahesabu mbele ya wote. Taa ilipata kura ishirini. Ng'ombe alipata ishirini na mbili.

Mwalimu Momanyi aliinua macho kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: *Wanafunzi 42*. "Ishirini na ishirini na mbili, arobaini na mbili. Zimelingana. Kipkirui ameshinda!"

Wavulana walimbeba Kipkirui juu juu hadi uwanjani. Mwalimu alimpa Chelangat fomu ya matokeo, ile waliyoinakili kutoka kitabuni, yenye nafasi ya sahihi ya msimamizi. "Iandike vizuri. Jumatatu utaitia sahihi mbele ya darasa, halafu niipeleke ofisini."

Chelangat alibaki peke yake kusafisha. Alimwaga kura za ng'ombe juu ya dawati ili azirudishe kwenye beseni. Ndipo akauona mkia. Chipukizi moja lilikuwa na uzi wa ganda chini ya kikonyo. Akatafuta, akaona la pili, la tatu na la nne. Mengine yote yalikuwa yamevunjika safi, kwa mkono wake na wa mwalimu. Haya manne yalikuwa yamevutwa.

Akageuka polepole akatazama madawati. Mvua ya usiku ilikuwa imefurisha mto, na wanafunzi wanne wa ng'ambo hawakuvuka siku hiyo. Waliokuwepo walikuwa thelathini na wanane tu. Alitoa kitambaa chake, akayafunga machipukizi yale manne, akayatia mfukoni.

Saa kumi alimkuta mama yake kwenye kituo cha kuuzia majani, amesimama kwenye foleni na vikapu vyake. Mbele yao karani alimwaga kikapu cha mzee mmoja juu ya gunia, akayatandaza majani kwa kiganja, akatoa machache yaliyokomaa na kuyatupa kando. Mzee akanung'unika kidogo, akarudisha mengine kikapuni.

"Mama, mbona lazima amwage? Si apime tu?"

"Ukishapakia kwenye lori, majani yanachanganyika. Huko kiwandani hakuna atakayejua mabaya yalitoka kwa nani. Ya kuangaliwa yanaangaliwa hapa, kwa mikono ya karani." Mama alimtazama. "Una nini wewe? Umenyamaza tangu ufike."

Chelangat alikishika kitambaa mfukoni. Angesema, mama angemwita Kipkirui jioni ile ile, na mambo yangeishia nyumbani kwa kelele. Asiposema, Gesare angebaki na kura ishirini za halali na kushindwa. "Karani akiona majani mabaya ni ya ndugu yake?" aliuliza.

"Basi hiyo siku ndiyo tutajua kama yeye ni karani," mama alisema, akasogeza kikapu mbele.

Usingizi ulikuwa wa shida siku mbili zile. Jumamosi Kipkirui hakuja shambani, aliwahi mpirani. Kila alipokifungua kitambaa, machipukizi yalikuwa yamezidi kunyauka. Jumapili yalikuwa meusi na yamejikunja, lakini mikia ilikuwa bado ipo.

Jumatatu alimngoja Kipkirui kwenye lango la shule. Hakutaka kumvizia. Akakifungua kitambaa mbele yake.

Kipkirui aliyatazama yale manne, akaacha kutafuna muwa. "Umeyatoa wapi?"

"Kwenye kikapu chako. Walikosekana watu wanne, na yameingia manne. Yamevutwa, Kipkirui. Najua mkono wako."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi si uachane nayo!" Alishusha sauti. "Wewe ni wetu, Chelangat. Utaniaibisha kwa sababu ya Gesare?"

Machozi yalimjia Chelangat kwa hasira. "Mimi nilikupigia wewe! Kura yangu imo humo, ilivunjwa vizuri. Sasa hata hiyo inaonekana ya wizi."

Kipkirui aliutupa muwa kwenye majani, akatangulia darasani.

Mwalimu Momanyi aliweka fomu mezani na kalamu juu yake. "Msimamizi wetu, njoo."

Chelangat alisimama. Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Mwalimu, siwezi kutia sahihi. Kuna kura nne ambazo sikumpa mtu."

Darasa lililipuka. Aliyepaza sauti kuliko wote ni Clifford, rafiki mkubwa wa Kipkirui. "Majani ni majani, mwalimu! Atajuaje ni ya nani? Huyu anataka tu kutuharibia!"

"Tulia, Clifford. Chelangat, eleza."

Akaeleza. Alionyesha mikia minne, kisha akachukua machipukizi kutoka kwenye beseni, yaliyonyauka pia, akaonyesha vikonyo vyake vilivyokatika safi. Hakulitaja jina la mtu. Mwalimu Momanyi alivigeuzageuza mkononi, halafu akaenda ukutani, akaitazama ile karatasi ya *Wanafunzi 42* kwa muda mrefu.

"Nani hakuwepo Ijumaa?" aliuliza.

Mkono mmoja ukainuka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Darasa likangoja. Wa nne ulikuwa wa Clifford, nao uliinuka polepole sana.

"Mlipiga kura?"

"Hapana, mwalimu. Mto ulikuwa umejaa."

"Na hapa kuna kura arobaini na mbili. Basi nani aliwapigia ninyi?"

Uso wa Clifford ulibadilika mbele ya macho yao. "Mwalimu," alisema hatimaye, na sasa kelele yote ilikuwa imekwisha, "nani alipiga yangu? Sijaulizwa. Pengine ningemchagua Gesare."

Hapo ndipo Kipkirui aliposimama. Masikio yalikuwa yamemshuka kama ya ndama aliyenyeshewa. "Ni mimi," alisema. "Niliyavuta kule nyuma ya darasa, nikayaficha kwenye soksi. Nilijua hao hawapo. Nilidhani si za mtu." Akamgeukia Clifford. "Nisamehe, bana. Sikufikiri kwamba nachukua yako."

Hakuna aliyecheka, hata kwa hiyo soksi.

Mwalimu Momanyi alikaa juu ya ukingo wa meza. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilitazama ukuta badala ya kuwatazama ninyi. Ningehesabu waliokuwepo, tungejua Ijumaa ile ile. La pili ni la Kipkirui, naye amelikubali mwenyewe. Tumesoma kitabuni kwamba anayeiba kura huondolewa, na tutafuata hivyo. Gesare ana kura ishirini za haki."

Gesare aliinua mkono. "Mwalimu, hawa wanne hawajasema bado. Nataka wapige, ndiyo au hapana. Nikiwaongoza, nataka nijue kama wananitaka."

Wakaenda nyuma ya leso mmoja mmoja na machipukizi mabichi aliyoyavunja Chelangat. Moja lilibaki nje ya kikapu cha taa, kura ya hapana. Matatu yaliingia ndani. Clifford hakusema lake lilienda wapi, na hakuna aliyemwuliza.

"Sasa," alisema mwalimu, akimsogezea Chelangat fomu mpya. "Tuliisoma sentensi hii wiki iliyopita, kwamba msimamizi hana upande. Wote mlijaza pengo hilo vizuri, nami nikawapa alama. Lakini ni rahisi kukosa upande pale anayeshindwa ni mtu usiyemjua. Leo Chelangat amehesabu dhidi ya damu yake, na dhidi ya kura yake mwenyewe. Kura ndogo ya chipukizi ni sauti ya mtu. Ukitumbukiza ya ziada, umemziba mtu mwingine kinywa, hata kama hayupo, hata kama ni rafiki yako. Mkiwa wakubwa mtakuta karatasi, masanduku na watu wengi. Kazi itakuwa hii hii."

Chelangat akatia sahihi. Jina lake lilitoka limepinda kidogo.

Kabla ya mwisho wa mwezi, Gesare alirudi kutoka kwenye baraza na majibu mawili. Vitabu vingeenda nyumbani kwa zamu, kila anayechukua akiandikwa daftarini. La pili lilikuwa la mpira, nao ungenunuliwa. "Niliuomba pia," alimwambia Kipkirui. "Watu kumi na wanane waliutaka."

Jumamosi walikuwa shambani tena. Kwa wiki kadhaa Kipkirui alikuwa akichuna mstari wa mbali, bila kumwangalia Chelangat. Siku hiyo alirudi kwenye mstari wake wa kushoto. Chelangat aliendelea kuchuna na kusikiliza.

Tak. Kimya kidogo. Tak, tak.

Mama alisimama, akaingiza mkono katika kikapu cha Kipkirui, akatoa chipukizi na kukitazama kikonyo chake.

"Leo siujui huu ni mkono wa nani," alisema, akalirudisha. "Ukifanya kazi yako sawasawa, mwanangu, huna haja ya kuogopa kikapu chako kikimwagwa."

Kipkirui aliinama juu ya mstari wake. Kikapu chake kilichelewa kujaa siku hiyo, na Chelangat alimngoja.