Ukuta Uliomwita Bertila

Mimi si mtu wa kuamini mizimu, na wala sisimulii haya ili nihurumiwe. Yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, Salvatory. Nilikuwepo, tena mkono wangu umo.

Ilikuwa mwaka 2008, Guangzhou, Uchina, mtaa wa Sanyuanli. Mchana wa kawaida tu. Wifi yangu Bertila anachambua mchele, mimi nafunga magauni ya biashara tuliyonunua soko la Guangyuan Xilu, kaka anaingia na habari njema: laoban mmoja, bosi wa majani ya chai, ametupa mahali pa kujificha. Visa zetu sote watatu zilikuwa zimekwisha, na mwaka ule polisi hawakuwa na mchezo. Walikagua pasipoti barabarani, ngazini, hadi vyumbani. Sisi tulitaka jambo moja: tuvumilie wiki tatu karatasi za kutoka zipatikane, turudi Rombo wote. Bertila alikuwa amemwacha mtoto wa miaka miwili kwa mama yetu.

Laoban alikuwa na nyumba ghorofa ya sita, na alitaka ukuta wa sebule upambwe kwa marumaru za kale za Uholanzi, zile nyeupe zilizochorwa kwa mkono kwa rangi ya buluu. Kabla ya kuingia kwenye biashara, kaka alikuwa fundi marumaru Moshi. Tukae humo, afanye kazi, tusionekane nje. Basi tukahamia.

Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kila moja na picha yake ndogo katikati: mtoto anaruka kamba, mvuvi, mwanamke na ndoo. Lakini nyuma zilikuwa na chokaa ya zamani, maana zilibanduliwa kwenye ukuta wa watu. Nikamuuliza laoban, nyumba ya nani? "Bu zhidao," akajibu, hajui, akaondoka bila kunywa chai.

Kaka alikuwa mtu wa kuita. Akishabandika marumaru huigonga kwa kifundo cha kidole, asikilize kama ndani kuna uwazi, kisha aite: "Bertila, maji." "Abee." "Bertila, kitambaa." "Abee." Kutwa nzima. Nikawaambia mnaitana kama mko mashambani, na sebule yenyewe hatua nane. Walicheka. Miaka saba ya ndoa na bado walikuwa wanachekeana vile, na mimi niliyeachika nilikuwa nawaonea wivu. Nalisema wazi.

Siku ya tano kaka alikuwa bafuni. Nilisikia maji yanamwagika na yeye anapiga mluzi. Sebuleni sauti yake ikaita, taratibu.

"Bertila."

Wifi akafungua mdomo. Nikamshika mkono. Mluzi ulikuwa bado unaendelea bafuni.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Ukiitika, umejikabidhi. Nilimwambia hivyo kwa kunong'ona, naye akakubali kwa kichwa, macho ukutani. Kaka alipotoka tukamsimulia, nikitegemea atatucheka. Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo ya saruji.

"Inaniigiza tangu juzi," akanong'ona. "Nikigonga inagonga. Sasa inaita kabla yangu."

"Tuondoke," Bertila akasema.

"Twende wapi, mke wangu? Chini wamejaa polisi."

Kweli, hatukuwa na pa kwenda. Nikanyunyiza maji ya baraka, tukasali rozari, na kaka akaweka sharti. Kuanzia leo, Bertila, usiitike mpaka umeniona kwa macho. Hata ukiwa na hakika ni mimi. Tukakubaliana. Ukuta tuliufikiria. Mlango hatukuufikiria.

Alhamisi saruji ikaisha. Laoban hapokei simu. Kaka akasema anashuka mara moja, duka liko hapo chini, dakika kumi. Simu akaiacha kwenye chaji. Nikafunga komeo kwa ndani kama kawaida yetu. Saa tisa alasiri, jua limejaa sebuleni, na marumaru zinang'aa.

Ukuta ukaanza. "Bertila." Tukanyamaza. "Bertila." Tukanyamaza.

Kisha sauti ikawa karibu zaidi. Chini chini. Ya mtu anayeogopa kusikika.

"Bertila. Mke wangu. Bertila."

Wifi akasimama. Machozi yanamtoka. "Huyu ni yeye," akasema. "Gaudiosa, huyu ni yeye."

Nikamziba mdomo. Kwa mkono huu. Nilimziba kwa nguvu zote nilizo nazo, na yeye akaning'ata, na sikumwachia.

Sauti ikaita tena. Mara moja. Halafu buti ngazini. Halafu miguu ya mtu inakimbia kwenda juu. Kimya. Halafu kishindo, mbali, chini.

Majengo ya pale yamebanana, jirani na jirani wanaweza kupeana mikono dirishani. Kaka alikimbilia paa, akajaribu kuvuka kwenda paa la pili. Mfuko wa saruji tuliukuta mlangoni kwetu, umeegeshwa vizuri.

Watanzania wa Guangzhou walituchangia, Mungu awabariki. Karatasi za kutoka zilipatikana haraka, baada ya kukawia kote kule. Tukaondoka wote watatu, mmoja ndani ya sanduku.

Kabla ya hapo Bertila alikaa siku tatu mbele ya ukuta ule. Hakula. "Abee," alikuwa anasema. "Abee, mume wangu. Nipo." Ukuta haukujibu. Hata kugonga haukugonga tena. Nilimwomba msamaha, akaniambia, "Wewe ulinipenda, wifi," akageukia marumaru. Afadhali angenipiga.

Siku ya kuondoka, nikifunga mlango, niliona doa la maji upande wa nje, kwenye kimo cha paji la uso la mwanamume. Kaka alikuwa ameegemeza kichwa pale akiita. Lilikuwa jasho. Lakini siku nne zilikuwa zimepita, kwenye joto la Agosti, na doa lilikuwa bichi.

Bertila naye akaliona. Ni mfupi, ikabidi asimame kwa ncha za vidole. Akaweka paji lake palepale, akafumba macho.

"Abee," akasema.

Alipojitoa, mbao ya mlango ilikuwa kavu. Niliipapasa mwenyewe.

Sasa tuko Rombo. Asubuhi za baridi, watu wamejifunika mablanketi kanisani, wifi yangu anapita katikati ya viti na paji lake limelowa. Kila mara kuna mtu anamnyooshea leso, anamwambia ajifute jasho. Anaipokea, anashukuru, anaikunja, anairudisha bila kujifuta.